Sauti ya Kiasi katika Siasa za Nchi: Funzo kutoka Kiambu



Baada ya hesabu za fedha, habari za misiba, na orodha ya watoto waliosaidiwa karo, tumeona vema kuacha kurasa chache za kitabu hiki kwa jambo la historia. Mwaka huu hatukulitafuta jambo hilo mbali. Lilitujia lenyewe mkutanoni, kwa kinywa cha kijana mmoja wa hapa Gitothua.

Mzee mmoja alikuwa akiwasihi vijana wawe na kiasi katika mambo ya siasa. Kijana akasimama, akaomba ruhusa kwa adabu, akasema: “Wazee wetu, mwezi wa Juni 2024, wakati wenzetu walipokuwa wakipigwa risasi kwa sababu ya kupinga Mswada wa Fedha, hatukuwasikia. Mnatuambia tuwe na kiasi. Hicho kiasi kimewahi kutuletea nini?”

Wengine walimkemea. Sisi twaona kwamba swali lake lilikuwa la haki, na kwamba mtu aulizaye kwa adabu apaswa kujibiwa kwa ukweli. Makala haya ndiyo jibu letu.

Kwanza yafaa tueleze maana. Tunaposema mtu wa kiasi, au mhafidhina, hatumsemi mwoga, wala yule anayekaa karibu na wakubwa apate makombo ya mezani. Twamsema mtu atakaye nchi itengenezwe, lakini apendaye itengenezwe kwa sheria na kwa mashauriano. Mtu aonaye kwamba shamba, nyumba, shule, kanisa na baraza la wazee ni vitu vilivyojengwa kwa jasho la miaka mingi na vyaweza kubomolewa kwa siku moja. Watu wa namna hii walikuwako Kiambu tangu zamani. Tuwatazame walivyofanya, na walivyofanyiwa.

CHIFU MKUU KOINANGE WA MBIYU

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 watu wa wilaya hii walikuwa na malalamiko manne makubwa. Ardhi yao ilikuwa imekatwa ikapewa masetla. Kipande kilikuwa kimeanza kuvikwa shingoni mwa wanaume. Kodi ilikuwa imepanda. Na wake na mabinti walikuwa wakilazimishwa kwenda kazini katika mashamba ya watu. Machifu wa Kiambu, Koinange wa Mbiyu akiwa mmoja wao, waliungana katika chama kilichoitwa Kikuyu Association. Hawakuwa watu wa fujo. Walikuwa watumishi wa Serikali, nao waliyapeleka malalamiko hayo kwa njia iliyokubaliwa. Tarehe 24 Juni 1921, katika mkutano uliofanyika Dagoretti, waliyaweka mbele ya wakuu wa Serikali, wakaongea kwa heshima.

Mwaka wa 1931 Koinange alisafiri hadi London pamoja na Ezekiel Apindi na James Mutua, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kamati hiyo ilikuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, shauri ambalo Waafrika wengi waliogopa kwamba lingewatia masetla nguvu zaidi. Muungano ule haukufanyika. Hatusemi kwamba wazee watatu ndio waliouzuia peke yao, lakini walikuwa miongoni mwa walioupinga, nao walisikilizwa.

Katika shauri la ardhi hawakusikilizwa hivyo. Tume ya Carter ilipokea ushahidi wa watu wengi kuanzia 1932, na ripoti yake ikatoka 1934. Wakikuyu walipewa nyongeza ya ardhi iliyohesabiwa kuwa fidia, kisha madai yao yote nje ya mipaka ya hifadhi yakafungwa yawe yamekwisha. Mzee aliyekuwa ameiamini Serikali kwa miaka mingi alirudi nyumbani na karatasi isiyompa alichokidai. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana wazi, na hakuna aliyeuziba.

HARRY THUKU WA KAMBUI

Wakati machifu wakizungumza Dagoretti, kijana mmoja wa Kambui, si mbali na hapa Ruiru, alikuwa ameona kwamba mwendo wao ni wa polepole mno. Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895, akasoma kwa wamisionari wa Kambui, kisha akafanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina huko Nairobi. Mwaka wa 1921 alianzisha chama cha vijana, ambacho baada ya muda mfupi kiliitwa East African Association ili kiwachukue watu wa makabila yote. Mambo aliyoyadai yalikuwa karibu yale yale ya machifu. Tofauti ilikuwa sauti. Yeye alihutubia makutano makubwa, akapeleka simu ya maandishi moja kwa moja mpaka London.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai afunguliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwachochea wanaume waliokuwa wakisitasita. Risasi zikalia, na watu zaidi ya 20 wakafa. Barabara iliyo karibu na mahali pale leo yaitwa kwa jina la Harry Thuku. Yeye mwenyewe alihamishiwa Kismayu, na baadaye mahali pengine, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa.

Yatupasa kusema kweli hapa, kwa kuwa kijana wetu angetuuliza tena. Baada ya kelele zile za 1922, kodi iliyokuwa imefika shilingi 16 iliteremshwa hadi shilingi 12. Sauti ya juu ilifanya kazi ambayo sauti ya chini haikuifanya. Mhafidhina asiyekiri jambo hili hajasoma historia yake vizuri.

Lakini Thuku aliyerudi mwanzoni mwa 1931 hakuwa yule aliyeondoka. Mwaka wa 1932 alichaguliwa kuwa Rais wa Kikuyu Central Association, kisha akafarakana na wenzake, na mwaka wa 1935 akaanzisha chama kingine, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata sheria na kuitii Serikali. Waliokuwa wamemwimbia nyimbo wakamwita msaliti. Mwaka wa 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Study Union, ambayo baadaye ikawa KAU, lakini mwaka uliofuata aliondoka, na James Gichuru akashika mahali pake. Akarudi kwenye shamba lake. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya KPCU, na mwaka wa 1970, mwaka aliofariki, kitabu cha maisha yake kikachapishwa.

Je, alinunuliwa? Watu wengi walisema hivyo. Sisi twaona kwamba mtu aliyekuwa ameona maiti wa 1922, wakiwa wameanguka kwa ajili ya jina lake, anaweza kuchagua njia nyingine bila kununuliwa na mtu. Hata hivyo, tutaje na upungufu wake. Katika miaka ambayo watu walihitaji mtu wa kiasi mwenye jina kubwa kama lake, sauti yake ilisikika zaidi ikiwakanya Waafrika wenzake kuliko ikiionya Serikali. Mshauri anayekanya upande mmoja tu hupoteza masikio ya upande ule.

ELIUD MATHU KATIKA BARAZA

Eliud Mathu, mzaliwa wa Riruta, alisoma Alliance, kisha Fort Hare huko Afrika Kusini, na baadaye Balliol, Oxford. Mwezi wa Oktoba 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Hebu wanachama wafikiri: Mwafrika mmoja ndani ya chumba kilichojaa masetla na maofisa wa Serikali, akisema kwa niaba ya mamilioni. KAU yenyewe ilianzishwa mwezi ule ule ili kumtia nguvu.

Mathu hakutukana wala hakutisha. Alisimama na takwimu na vifungu vya sheria, akadai shule, akadai ardhi, akapinga kipande. Mwaka wa 1947 kipande kilichowahusu Waafrika peke yao kiliondolewa, ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Kwa wazee waliovaa kile kikopo cha bati shingoni, hilo halikuwa jambo dogo. Kufikia 1948 viti vya Waafrika barazani vilikuwa vinne, na mwaka wa 1952 Mathu aliingizwa katika Halmashauri Kuu ya Gavana, Mwafrika wa kwanza kufika huko.

Basi kijana wetu aliyeuliza kiasi kilileta nini, hapa ana jibu moja. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Mambo ambayo Mathu alipewa yalikuwa yale ambayo Serikali ingeweza kuyatoa bila kuumia. Jambo lililowauma watu zaidi ya yote, yaani ardhi, halikuguswa. Mwezi wa Novemba 1951 KAU iliwatuma Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, na Achieng' Oneko wakapeleke ombi la ardhi Ulaya. Hawakurudi na kitu cha kuwaonyesha watu. Katika vitongoji vya Nairobi na katika mashamba ya masetla, vijana waliokwisha kuchoka na maombi walikuwa tayari wakila kiapo usiku.

MWAKA WA 1952

Tarehe 24 Agosti 1952 mkutano mkubwa ulifanyika Kiambu. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria. Jukwaani walikuwako Jomo Kenyatta, Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u, Eliud Mathu na Harry Thuku. Watu hawa hawakuwa na mawazo mamoja, lakini siku ile wote walisimama mahali pamoja kuwataka watu waache Mau Mau. Kama kungalikuwako siku ambayo sauti ya kiasi ingeweza kuiokoa nchi, siku hiyo ilikuwa ile.

Ilikuwa imechelewa. Wiki sita baadaye, tarehe 7 Oktoba, Waruhiu aliuawa kwa risasi barabarani. Tarehe 20 Oktoba Gavana alitangaza Hali ya Hatari, na Kenyatta, aliyekuwa amehutubia jukwaa lile lile, akakamatwa. Aprili 1953 alihukumiwa Kapenguria miaka saba. Naye Koinange wa Mbiyu, yule mzee wa Dagoretti na wa London, alishtakiwa kwa kifo cha Waruhiu. Mahakama ilimwachilia, Serikali haikumwachilia. Aliwekwa kizuizini, akatolewa karibu na mwisho wa maisha yake, akafa mwaka wa 1960.

Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 Lari iliteketea, na baada ya mauaji ya kwanza yakafuata ya kulipiza kisasi. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na maelfu ya watu wetu wakachukuliwa kambini. Kuanzia mwaka ule familia zilitolewa katika maboma yao zikasongamanishwa katika vijiji vyenye mahandaki. Yako maboma wilayani humu ambamo ndugu wawili walizikwa, mmoja akiwa wa msituni na mwingine akiwa askari wa hifadhi, na mama yao alikuwa mmoja.

Hatusemi kwamba uhuru uliletwa na maneno matamu. Waliokwenda msituni walilipa kwa damu, na nchi ina deni kwao ambalo haijalilipa vya kutosha. Tunachosema ni hiki: kwa miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Dagoretti 1921 hadi Kiambu 1952, watu wa kiasi waliileta hoja ile ile ya ardhi mlangoni pa Serikali, na kila mara mlango ulipofungwa, watu wachache zaidi walibaki kuwaamini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali ya Kikoloni haikuziba ufa, na ukuta ulijengwa kwa mifupa ya watoto wetu.

Mathu naye alilipa. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura kuchagua wajumbe wao, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kupiga kura bila hati ya uaminifu. Mathu alishindwa na Bernard Mate wa Meru. Serikali aliyoitumikia kwa subira ilikuwa imewafungia nje wapiga kura wake mwenyewe. Baada ya uhuru Mzee Kenyatta alimwita Ikulu, akamtumikia huko.

SAUTI ILIYOSHINDWA IKARUDI

Sasa tugeukie jambo ambalo litatuuma kidogo, maana mara hii sisi ndio tuliokuwa wenye nguvu. Mwezi wa Mei 1960 KANU ilizaliwa papa hapa Kiambu, nasi wa sehemu hizi tulikuwa wa KANU karibu sote. Mwezi uliofuata, huko Ngong, wakazaliwa wapinzani wake, KADU, wakiongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro, na Daniel arap Moi. Hawa walikuwa wahafidhina wa siasa za wakati ule. Waliogopa kwamba makabila makubwa yangemeza madogo, wakataka mamlaka yagawanywe kwa majimbo. Tuliwacheka, tukawaita vibaraka wa masetla. Kweli baadhi ya masetla waliwaunga mkono, lakini hofu ya mtu wa Kilifi au wa Kapsabet haikuwa ya masetla. Ilikuwa yake.

Katiba ya 1963 iliwapa majimbo. Kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yamenyang'anywa nguvu, na tarehe 10 Novemba mwaka huo KADU ikajivunja yenyewe ikaingia KANU. Tukashangilia umoja. Hatukufahamu kwamba bunge lisilo na mtu wa kusema “ngojeni kwanza” lingekuja kutugeukia sisi pia. Na likatugeukia.

Neno majimbo nalo lilikuja kuchafuliwa. Kuanzia 1991 lilitumiwa na watu wenye mamlaka kuhalalisha kufukuzwa kwa watu katika mashamba ya Bonde la Ufa, na wengi wa waliofukuzwa ni jamaa zetu. Lakini tazameni: katika mwaka huo huo wa 1991 Masinde Muliro, yule wa KADU, alisimama pamoja na Oginga Odinga, yule wa KANU, wakaanzisha FORD kudai vyama vingi. Mtu wa kiasi halisi hupimwa hapo. Alikuwa ameonya juu ya mamlaka yaliyorundikwa mahali pamoja, na yaliporundikwa hakuogopa kusema tena.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta kaunti 47 na kurudisha Seneti. Haikuwa majimbo ya KADU neno kwa neno, lakini hoja ilikuwa ile iliyozikwa 1964. Leo Gitothua ni wadi, ina mjumbe wake katika bunge la Kaunti ya Kiambu, nasi hulalamika kwake juu ya barabara na maji. Haki hiyo ya kulalamika karibu na nyumbani, sehemu yake tunadaiwa na watu tuliowazomea. Tena hatukuipata kwa bei rahisi: kati yake na KADU walikufa zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007, mpaka Kofi Annan, Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa wa Tanzania walipokaa na pande mbili, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Ilitubidi kuazima watu wa kiasi kutoka nje, kwa kuwa wetu tulikuwa tumewanyamazisha.

NENO LETU KWA KIJANA, NA KWA WAZEE

Sasa tumjibu kijana wetu. Kiasi kilituondolea kipande. Kiasi kilikuwa na neno la kugawana mamlaka miaka 46 kabla nchi haijakubali kulisikia tena. Lakini kiasi hakikuokoa nchi mwaka wa 1952, na sababu tumeziona: kilisikilizwa katika mambo madogo kikapuuzwa katika lililo kubwa, na wengine miongoni mwa wenye kiasi waliwaonya wadogo wakawaogopa wakubwa.

Kwa hiyo tunakubali lawama ya Juni 2024. Mswada ule ulikuwa mezani kwa wiki kadhaa kabla ya tarehe 25, siku ambayo vijana waliingia Bungeni na wengine wakauawa. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Jambo lililowezekana baada ya mazishi lingaliwezekana kabla yake, kama wazee, makanisa, vyama vya wakulima, na vyama vya maslahi kama hiki chetu vingalisema mapema kwa sauti moja. Sisi tulinyamaza, kisha tukawaita vijana wasio na kiasi. Kunyamaza si kiasi, ndugu zetu. Koinange alipanda meli mpaka London.

Kwanza, basi, twawaomba wazee wa chama hiki wahudhurie mikutano ya kutoa maoni ya umma juu ya makadirio ya fedha ya kaunti na ya nchi, badala ya kuwaachia vijana peke yao. Na twaomba kamati iandike barua mapema, wakati barua bado inaweza kufanya kazi. Pili, twaomba kila onyo tunalompa kijana lifuatwe na onyo lenye uzito ule ule kwa mwenye mamlaka. Tatu, twawaomba vijana wasimwite msaliti kila asemaye “tungoje”. Wamwulize kwanza anangojea nini, na hadi lini. Akishindwa kujibu, wamwache. Akijibu, wamsikilize.

Kijana aliyetuuliza ameombwa aketi na kamati katika kikao kijacho, naye amekubali. Tumemwekea kiti upande wa wazee.